"Si kosa" ya Wachina si lalamiko

Mhariri,

Ninauza taa za sola katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Kabla ya kuagiza nasoma maoni ya wanunuzi wa China, programu ya simu ikinipangia mazuri na mabaya. Juzi taa moja ilijaa alama nyekundu, za maoni mabaya, nikaiacha. Kijana jirani aliyesoma Kichina akanionyesha: wameandika "bu cuo", neno kwa neno "si kosa", yaani ni nzuri! Programu iliona kikanushi "bu", yaani "si", ikahesabu lalamiko. Tena "hao", nzuri, ikitangulia "nan", ngumu, hugeuka "ngumu sana". Na Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno, basi mashine hupata shida kujua neno linaishia wapi.

Watengenezaji, ifundisheni mashine kwa sentensi nzima zilizopimwa na Wachina wenyewe. Mimi naagiza kwa pesa ya karo ya watoto.

Mama muuza taa,
Lubumbashi