Panga la Kinango si la mikoko ya Jomvu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaonunua mapanga hapa Mombasa, maana mimi ndiye ninayeyapokea yakishaharibika. Nanoa visu, mapanga na majembe karibu na soko la Kongowea, na panga likiwekwa mbele yangu mara nyingi sina haja ya kuuliza limetoka wapi. La Kinango au Samburu, kwenye vichaka vya Kwale, limelika makali karibu na ncha, kwingine zima. La mikoko ya Jomvu au Tudor lina mapengo, na kutu imejificha pale chuma kinapoingia kwenye mpini.

Mapengo hayo watu husingizia ugumu wa mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko. Mkandaa ni mgumu, sikatai, lakini kinachomega makali ni chaza walioganda kwenye mizizi. Mtu anataka kukata wavu mkuukuu ulionasa, anapiga gamba.

Dukani tunachagua kwa urefu na kwa mng'aro. Kule kwenye vichaka urefu una kazi yake. Matawi ya mgunga ni membamba, yanayumba ukiyapiga, na miiba yake inataka mkono ukae mbali. Bapa jembamba la inchi 18 au zaidi ndilo linalofyeka huko, kwa sababu linakata kwa kasi, wala halichoshi bega. Ukiingia nalo kwenye mikoko huna pa kulizungusha. Utapiga mizizi, au goti lako. Huko chukua la inchi 14, bapa nene kidogo, mpini wa mbao wenye ribiti unazoziona. Mpini wa plastiki hauozi, ndiyo, lakini maji ya chumvi yakishapenya ndani huoni yanachokifanya, mpaka siku shingo inakatika na bapa linaruka. Wa mbao fundi anaufungua, anakwangua kutu, anapaka mafuta ya nazi na kuurudishia.

Juzi kijana aliniambia, "Ami, mimi nimenunua lisiloshika kutu, nimemaliza kazi." Kwa kukata kamba na nyavu amepata. Kwa kazi ya mti ningemwambia achukue chuma cha kawaida, akioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila atokapo pwani, akikaushe na kukipaka mafuta. Chuma hicho tupa inakila vizuri, na panga zuri ni lile unaloweza kulinoa mwenyewe ukiwa shamba, bila kunisubiri mimi.

Nao wapo wenzangu wa grainda ya umeme. Ni ya haraka, lakini bapa likipata moto hadi likageuka buluu, chuma pale kimeshalainika, na makali hayakai hata unoe vipi. Ukiona fundi hachovyi panga kwenye maji wakati wa kulisaga, lichukue uondoke.

Nisije nikaambiwa nafundisha watu kufyeka mikoko. Mikoko yetu ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na mpaka leo hukati fito wala boriti bila kibali cha Huduma ya Misitu. Wateja wangu wa huko wengi ni vikundi vya kupanda miche na wafugaji wa nyuki.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya vyuma. Mapanga mengi huja hayana makali, yamepakwa vanishi, na mteja hawezi kujua kilicho chini yake. Wekeni tupa moja kaunta. Mteja aikwaruze mara mbili ukingoni: ikiteleza tu, chuma ni kigumu mno na kitameguka, ikizama kama kwenye bati, ni laini mno. Kisha mruhusuni alipinde bapa kidogo aone kama linarudi likanyooka. Asiyeruhusiwa hata hayo na aende duka la pili, Kongowea hayakosekani.

Mnoa visu,
Kongowea, Mombasa