Tusikate vichujio vya masizi vya pikapu za dizeli, tuvisafishe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaoendesha pikapu za dizeli jijini Nairobi, pamoja na mafundi wanaotuhudumia, kuhusu chombo kilicho kati ya injini na ncha ya eksozi, ambacho siku hizi kinakatwa na kutupwa kana kwamba ni kipande cha bati kilicholiwa na kutu. Nasema juu ya kichujio cha masizi, ambacho mafundi wengi hukitaja kwa herufi zake tatu tu, DPF.

Mimi husafirisha saruji, misumari na mabati kutoka Eneo la Viwanda hadi kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Umoja, Kayole na Komarock. Ni safari fupi, na nyingi kati yake huishia katika msongamano. Mwaka jana taa ya kichujio iliwaka kwenye dashibodi, nikaipuuza kwa wiki mbili, hadi gari likapungukiwa na nguvu na kushindwa kupanda hata mwinuko mdogo likiwa na mzigo. Fundi wa kwanza niliyemwendea alichomeka kifaa chake cha kusomea hitilafu, kisha akaniambia kwamba dawa ni moja tu: kufungua kichujio, kuvunjavunja kilichomo kwa mtaimbo, kulehemu bomba lirudi lilivyokuwa, na kubadilisha programu ya kompyuta ya gari ili isikitafute tena. Kazi ingekamilika kabla ya jua kutua. Nusura nikubali, kwa maana gari lisilotembea halinipi riziki. Kilichonizuia ni kwamba nilimwuliza kichujio kimezibwa na nini, naye hakuwa na jibu.

Ndani ya kile kibweta cha chuma mna kauri iliyofumwa mfano wa sega la nyuki, yenye vijia vyembamba vingi sana. Kijia kimoja kimezibwa upande wa mbele na jirani yake kimezibwa upande wa nyuma, hivyo moshi hauna budi kupenya kuta zenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na masizi hubaki nyuma. Yakishalundikana, kompyuta huongeza dizeli kidogo ili joto ndani ya kichujio lifike nyuzi 600 hivi za Selsiasi na masizi yateketee. Kazi hiyo huchukua dakika kumi hadi ishirini na tano, na huhitaji injini iliyopata moto barabara pamoja na gari linalokwenda kwa mwendo usiokatika. Anayetoka Eneo la Viwanda saa kumi na moja jioni akapitia Barabara ya Jogoo hapati dakika hizo. Uchomaji unaanza, gari linasimama, dereva anazima injini, na kesho yake mambo ni yale yale, huku sehemu ya dizeli iliyoongezwa ikiteremka kwenye oili ya injini.

Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye subira, alianza kwa kuvuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda kupita alama ya juu na ilinuka dizeli. Halafu akatazama joto la injini ikiwa inanguruma, akagundua kwamba themostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya kupozea injini, ilikuwa imekwama ikiwa wazi, kwa hiyo injini haikuwa ikifikia joto ambalo kompyuta hulisubiri kabla ya kuruhusu masizi yachomwe. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiendesha gari lisiloweza kujisafisha, na mkosaji alikuwa kifaa kidogo cha bei nafuu. Laiti ningekubali kichujio kikatwe, themostati mbovu ingebaki pale pale, na oili iliyochanganyika na dizeli ingeendelea kula vyuma vya injini nikidhani nimepona. Gari lingine huenda likawa na nozeli za kunyunyizia dizeli zinazovuja, tabo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) inayopitisha oili, au ile vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ikiwa imeganda kwa masizi. Kila moja ya kasoro hizi hujaza kichujio, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa mtaimbo.

Kuhusu usafishaji wenyewe, nawasihi wenye magari wasikubali kila kinachoitwa kuosha. Nimeona kichujio kikielekezewa bomba la maji la kuoshea magari, na nimesikia wengine wakimimina petroli ndani yake. Mkondo mkali wa maji unaweza kuvunja kuta za kauri na kusukuma uchafu ndani zaidi, na petroli kwenye chombo kinachofikia joto la nyuzi mia kadhaa ni kucheza na moto kwa maana halisi ya neno hilo. Njia inayofaa ni kukitoa kichujio garini, kukipima uzito au mgandamizo wa hewa inayopita ndani yake kabla ya kazi, kukichoma katika tanuru ya joto linalodhibitiwa, kisha kupuliza hewa kutoka upande wa nyuma kuelekea mbele, ndani ya mashine iliyofungwa inayonasa vumbi. Zipo pia mashine zinazotumia maji maalumu yanayopitishwa kinyume kwa kipimo. Mwishoni kipimo hurudiwa, na mteja ana haki ya kuonyeshwa tarakimu za kabla na za baada. Kupuliza kwa kompresa uani, vijana wakiwa wamesimama karibu bila barakoa, ni kuhamisha sumu kutoka kwenye kauri hadi kwenye mapafu yao. Changu kilisafishwa kwa tanuru, na gharama haikufika hata sehemu ya kumi ya bei niliyotajiwa ya kichujio kipya.

Jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa ni tofauti ya masizi na majivu. Masizi huungua, majivu hayaungui, hata gari likienda Naivasha na kurudi kila siku. Majivu hayo hutokana hasa na viungo vya madini vilivyomo katika oili ya injini, na ndiyo sababu hata gari linalotunzwa vyema huhitaji kutolewa kichujio na kusafishwa baada ya kilomita 100,000 au zaidi. Mwenye gari la namna hii anunue oili yenye majivu machache iliyotajwa katika kitabu cha gari lake, mara nyingi yenye alama ya C3 au CK-4. Oili rahisi inayopimwa kutoka kwenye pipa, ambayo nakiri niliitumia kwa miaka miwili, hukijaza kichujio mapema.

Dizeli nayo ina sehemu yake. Tangu mwaka 2015 kiwango cha salfa katika dizeli inayoruhusiwa nchini hakipaswi kuzidi sehemu 50 kwa kila milioni, na vichujio vinaweza kufanya kazi kwa mafuta hayo. Anayeyachakachua kwa mafuta taa huharibu pampu na nozeli, na nozeli mbovu ndizo zinazotoa masizi mengi.

Nimeandika kwa urefu juu ya vyuma, lakini kinachoniuma ni watu. Mwezi Juni mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Eksozi ya pikapu hutoa moshi chini kabisa, karibu na uso wa mtoto anayesubiri matatu kando ya Barabara ya Outer Ring na wa mama anayechoma mahindi hapo hapo. Magari yetu mengi hutoka Japani. Huko, mwaka 1999, gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliinua mbele ya waandishi wa habari chupa iliyojaa masizi ya magari ya dizeli, na kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi yasiyotimiza kiwango cha masizi yalipigwa marufuku jijini humo. Yapo magari ya dizeli yanayoteremshwa Mombasa yakiwa na vichujio vizima. Sisi ndio tunaovivunja.

Pikapu za biashara hukaguliwa kila mwaka. Naiomba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iweke wazi katika orodha ya ukaguzi kwamba gari lililoundwa na kichujio halipiti bila hicho kichujio, kama Uingereza ilivyofanya Februari 2014. Kutazama kwa macho pekee hakutoshi, kwani kibweta kilicholehemiwa vizuri huonekana kizima kwa nje, na ndiyo maana Uholanzi na Ujerumani zilianza mwaka 2023 kutumia vifaa vinavyohesabu chembe za masizi kwenye ncha ya eksozi. Hata vifaa vichache vya aina hiyo vikianzia Nairobi vitasaidia. Pia mafundi wa Barabara ya Kirinyaga na Kariobangi wapewe mafunzo na mikopo ya kununua tanuru na mashine za kupulizia, kwa sababu fundi anayejua kukata tu atashauri kukata, na mteja mwenye mzigo unaosubiriwa Kayole atamkubalia.

Wako mwaminifu,
Mwenye pikapu,
Umoja, Nairobi