Baridi yabisi sio ugonjwa wa vidole tu

Mhariri naomba kanafasi kidogo. Huku kwetu Mufindi mtu akivimba viungo jibu liko tayari, ni baridi hiyo, jifunike blanketi sogea jikoni, basi. Mama mdogo wangu aliambiwa hivyo miaka mingi, vidole vikapinda mpaka chupa ya chai anafungua kwa kubana na magoti, asubuhi mkono haukunji mpaka jua lipande. Tulimzika na kilichomuua ni moyo, sio vidole!

Ndo nikaja kuelewa baadae kwamba huu ugonjwa ni kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe, na ule uvimbe hauishii kwenye viungo, unaharibu mishipa ya damu, moyo na mapafu. Hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo kwa hawa wagonjwa ni kama asilimia 50 zaidi ya watu wengine, bado vichomi na maambukizi mengine, na mvuta sigara ndo kabisaa anajimaliza. Sasa pale alipokuwa anatibiwa (sitapataja) hakuna siku alipimwa presha wala mafuta kwenye damu, ni dawa ya maumivu tu nenda nyumbani, na dawa zenyewe ukizitumia muda mrefu zinapandisha presha jamani.

Madaktari wetu wa Iringa na Mbeya, mgonjwa wa viungo akija mpimeni presha, sikilizeni na kifua, hiyo mashine si iko hapo mezani.

Msomaji wenu, Mafinga