Klabu yetu ya vitabu vya Ayalandi irudi, na ianze na mchezo wa bahari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumze na wenzangu tuliokuwa pamoja katika klabu ya kusoma fasihi ya Ayalandi, klabu iliyowakutanisha wasomaji wa Unguja na Pemba kwa simu kila Alkhamis usiku, na ambayo imenyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba tunapoonana bandarini Mkoani tunaulizana habari za watoto na za karafuu, lakini la klabu hakuna anayelitaja. Mimi nimeamua kulitaja, tena hadharani.

Tulikuwa wachache: walimu wa skuli, karani mmoja wa bandari, wavuvi wawili, na mama mmoja wa Micheweni ambaye riziki yake ni kushona kofia. Watu walikuwa wakituuliza kwa nini Ayalandi, nchi ya mbali na ya baridi. Jawabu ni kwamba ni watu wa kisiwa waliotawaliwa na Uingereza kama sisi, lugha yao ya asili ikasukumwa mpaka ikabaki zaidi mashamba na pwani za magharibi, na njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 ikaua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine wengi ng'ambo. Kisiwa hicho kimewatoa Yeats, Shaw, Beckett na Heaney, wote wanne washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na sisi tuliofurahi mwaka 2021 alipoipata Abdulrazak Gurnah hatuna sababu ya kuwaona watu hao kuwa wageni. Wazee wetu waliosoma Safari za Gulliver kwa Kiswahili walikuwa tayari wanamsoma mtu wa Dublin, Jonathan Swift, ingawa wengi walidhani ni Mwingereza tu.

Lakini kilichotushika hasa hakikuwa historia. Kilikuwa mchezo mmoja mfupi wa kuigiza, Riders to the Sea, ulioandikwa na John Millington Synge na kuchezwa Dublin mwaka 1904. Synge alikwenda mara kadhaa, kuanzia mwaka 1898, kukaa katika visiwa vya Aran, magharibi ya Ayalandi, akijifunza lugha ya wenyeji na kusikiliza hadithi zao, na mchezo huu umetoka huko. Una onyesho moja tu, ndani ya jiko la nyumba ya wavuvi, na kuusoma wote kwa sauti hakumalizi saa moja. Bi Maurya amekwishachukuliwa na bahari mume, baba mkwe na wanawe wanne; wa tano, Michael, hajaonekana kwa siku tisa. Padri amewaletea binti za Bi Maurya bunda la nguo alizovuliwa maiti aliyeokotwa mbali kaskazini. Wanalificha mama asilione, kisha wanalifungua, na mdogo, Nora, anaichukua soksi na kuhesabu vishono. Aliifuma mwenyewe: aliweka vishono sitini na akaacha vinne. Anavikuta ni hivyo hivyo. Basi wamejua.

Tulipofika hapo usiku ule, mama wa Micheweni, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akisikiliza tu bila kusema, alituma sauti yake: "Kofia niloishona mimi, hata ikichanganywa na mia, nitaijua kwa vitobo vyake." Hakuongeza neno. Baadhi yetu tuliikumbuka Septemba 2011, meli iliyokuwa ikija Pemba ilipozama usiku karibu na Nungwi, na siku zile za kwenda kutambua maiti. Palikuwa kimya kwenye simu zetu zote kwa muda, na tangu usiku huo mama yule hakukosa kikao hata kimoja.

Wiki iliyofuata tulijadili radhi. Bartley, mwana wa mwisho, anaondoka kwenda kuuza farasi mnadani, na mama yake, kwa hofu na hasira, anamwacha atoke bila kumwombea. Mabinti wanampa mkate amfuate nao njiani na amwombee. Anamwona anapita, maneno yanamkwama kooni, na mkate anarudi nao mkononi. Bartley anasukumwa baharini na farasi. Sijawahi kusikia watu wakizungumza juu ya radhi ya mzazi kwa kina kama walivyozungumza wavuvi wetu wawili usiku huo, na mmoja wao hakuwahi kumaliza kitabu chochote tangu alipoacha skuli.

Jambo jingine tuliligundua karibu kwa bahati. Tafsiri yetu ya kwanza tuliifanya kwa Kiswahili cha vitabuni, na ilikuwa kavu. Kiingereza cha Synge kimejengwa juu ya mwendo wa Kiayalandi, kwa hiyo mwalimu mmoja alishauri tukijaribu Kipemba, kama wanavyosema wazee wa kwao. Mchezo ukapata uhai. Vijana wanaochekwa mjini kwa lafudhi yao waliona kwamba lafudhi hiyo ndiyo pekee inayomtosha Bi Maurya.

Sasa niseme kwa nini klabu ilikufa, maana tusipolisema tutalirudia. Mimi ndiye niliyependekeza tusome Ulysses ya James Joyce. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana, kinasimulia siku moja tu ya Dublin, tarehe 16 Juni 1904, na chapa yake ya kwanza ya mwaka 1922 ina kurasa zaidi ya 700. Nakala zilikuwa mbili, zote Unguja. Wenzetu wa Pemba walisomea kwenye simu, vifurushi vikawaishia, na waliokijua Kiingereza vizuri wakawa wanazungumza wao kwa wao. Hakuna aliyegombana na mtu. Watu waliona haya kusema hawaelewi, wakanyamaza mmoja mmoja, na Ramadhani ilipoingia tukaahidiana kuendelea baada ya Sikukuu. Hatukuendelea. Kosa lile ni langu, na nawaomba radhi wenzangu wa Pemba.

Ninachopendekeza ni kazi moja fupi kila mwezi, isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lahaja ya msomaji, na wenye Kiingereza wawe watumishi wa kutafsiri badala ya kuwa wenye kikao. Tuanze upya na Synge. Kisha tusome "Eveline," hadithi ya Joyce yenye kurasa chache, ambamo msichana aliyekwishaamua kusafiri kwenda Buenos Aires anashikilia chuma cha uzio bandarini na hapandi meli. Nyumba nyingi za Pemba zina binti aliyekwenda Uarabuni au aliyebaki, na nataka kuwasikia hao wakiizungumza. Gharama isiwe kikwazo: Synge alifariki mwaka 1909 na Joyce mwaka 1941, na kazi zao hizi zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo mtu mmoja akizichapa kwenye karatasi zinatosha kuzunguka kijiji kizima.

Nimeambiwa tungeanza na washairi wetu, Kamange na Sarahani, kabla ya kwenda Ulaya. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini ni baada ya Bi Maurya ndipo karani wetu wa bandari alipoanza kuwauliza wazee majina ya pepo na mikondo ya bahari na kuyaandika daftarini, na ni daftari hilo lililonirudisha mimi kwa Kamange. Njia zote mbili ziko wazi.

Waliokuwa wanachama bado wanazo namba zetu. Wapya wanaweza kunikuta maktaba ya Chake Chake asubuhi ya Jumamosi. Mama wa Micheweni amekwishakubali kusoma sehemu ya Bi Maurya, na mmoja wa wavuvi atasoma ya Bartley. Tunatafuta wasichana wawili wa kusoma ya Nora na ya dada yake Cathleen, na itapendeza wakiwa wanajua kushona.

Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba