Wanataka Kumvua Mtoto Jina la Babu

Nakuru, Jumanne usiku

Mama Tina mpendwa,

Mulembe. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Watoto wanasoma, Baba Kevo bado anahangaika na lile lori. Kimya changu nitakieleza tukionana, sitaki kumaliza karatasi kwa visingizio. Nina jambo zito, na nina ombi, na ombi lenyewe ni kwa baba yako mzee.

Ni huyu ndugu yangu, kitinda mimba wetu. Ameingia kanisa moja la hapa mjini, la hema na spika kubwa. Kuhama si neno, nani kwetu hajahama kanisa? Lakini sasa wamempa fomu. Fomu, Mama Tina! Aandike mababu hadi kizazi cha nne, na mbele ya kila jina atie alama: mganga, mlevi, mwenye wake wengi, aliyekufa ghafla. Jumapili majina yasomwe madhabahuni, laana za ukoo zivunjwe, na bahasha ya sadaka iwe imeambatanishwa. Na mtoto wake avuliwe jina la babu yetu Kegode, aitwe Joshua. Tayari ameshaulizia pale Huduma Centre namna ya kubadilisha cheti cha kuzaliwa.

Wewe ulikuwepo siku ile mtoto alipopewa jina. Alilia mpaka majirani wakaja, Mama akaanza kuita majina ya marehemu moja baada ya jingine, na alipotaja Kegode, kimya. Sasa eti huo ulikuwa mlango wa pepo. Mama amesikia maneno hayo. Hakujibu kitu, ila siku hizi akija Nakuru analala kwangu, kwa mwanawe anapita kusalimia tu, hata chai hanywi.

Kichekesho ni kwamba fomu yenyewe imemshinda. Alinipigia simu usiku kuniuliza baba yake babu aliitwa nani. Nikamtajia. Na baba yake huyo? Nikabaki kutazama ukuta. Nikamwambia, ndugu yangu, utamkanaje mtu ambaye hata jina lake hulijui? Akakasirika akakata simu, kisha akanitumia aya. Kutoka 20, “hata kizazi cha tatu na cha nne”. Mimi nikamrudishia mstari unaofuata, ule wa rehema kwa maelfu elfu, maana wanaoipenda hiyo aya huishia njiani. Nikamwongezea Ezekieli 18, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Tukaenda hivyo mpaka bando ikaisha.

Lakini linaloniuma si aya. Ni alama ile ya “mwenye wake wengi”. Maana babu alikuwa na wake wawili, na sisi ni wa nyumba ya pili! Nyanya ndiye aliyekuja baadaye. Nyinyi mliokulia Nyang'ori mnajua mambo yalivyokuwa. Tangu wamisionari wale watatu wa Quaker kutoka Marekani walipofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, mwanamume mwenye wake wawili aliyetaka kuokoka aliambiwa achague mmoja. Babu alikataa. Alimwambia mwalimu wa misheni, hivi ndivyo Mama anavyosimulia, kwamba hawezi kumfukuza mwanamke mwenye watoto halafu aende kuimba kwamba Mungu ni pendo. Akakaa nje ya kanisa, akisikiliza dirishani. Ndipo Zakayo Kivuli alipotoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori na kuanzisha African Israel Church Nineveh, mwaka 1942, wakampokea yeye na wake zake wote wawili. Akavaa kanzu nyeupe na kilemba, akashika bendera, akaandamana barabarani na ngoma mpaka uzeeni. Mtu huyo ndiye anayeandikiwa kwamba alifungua madhabahu ya giza.

Unaona nilipo? Injili iliingia nyumbani kwetu kwa mgongo wa Kegode. Bila yeye, huyu ndugu yangu hata hiyo Kutoka 20 asingeijua. Anafuta jina la aliyemletea Yesu ili amfuate Yesu vizuri zaidi. Sijui kama nacheka au nalia.

Nilimwambia afungue Mathayo sura ya kwanza, ile ambayo sisi sote tunairuka. Yusufu mchumba wa Mariamu angejaza fomu ile angemaliza kalamu. Tamari na baba mkwe wake. Rahabu kahaba wa Yeriko. Ruthu Mmoabi, na Torati inasema Mmoabi asiingie katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi, na huyo ndiye aliyemzaa Obedi, babu yake Daudi. Kisha “yule mke wa Uria”, hata jina hakupewa. Manase naye yumo, mfalme aliyemwaga damu Yerusalemu. Mathayo aliwaandika wote, na hakuomba sadaka ya kuwavunja. Hapo ndugu yangu alinyamaza kidogo. Halafu, huyu ndugu si mjinga, akanirushia 1 Petro 1:18: tumekombolewa tutoke katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu. Hapo na mimi nilinyamaza. Ni kweli kuna mambo ya kwetu nisiyotaka yamfikie mtoto yeyote, ya kugombania mashamba kwanza, na ile pombe iliyotumalizia wajomba. Hayo ayavunje, nitasema amina kwa sauti. Lakini jina?

Sasa ombi. Mzee wako alitembea na babu katika yale maandamano, na nasikia bado kumbukumbu zake ziko sawa. Mwombe akae na simu yako, umrekodi akisimulia vile babu alivyopokelewa Nineveh, alivyoungama, jinsi alivyoomba. Kwa Kimaragoli, asijisumbue na Kiswahili. Usimwambie kuna ugomvi, atataka kupanda matatu aje mwenyewe na bendera. Nataka ndugu yangu asikie sauti ya mtu aliyemjua kabla ya Jumapili. Mimi amenichoka, ananiita Mfarisayo.

Na wewe unaonaje? Ninamwingilia nyumba yake? Mkewe amekaa kimya kabisa, je, nizungumze naye kwanza? Wewe uliyeolewa kwa Wakatoliki, mwezi wa Novemba mnaposoma majina ya marehemu kanisani, kuna anayewaambia ni mizimu? Unadhani mzee anajua jina la yule wa nne? Ajabu ni kwamba fomu hiyo imenitia hamu ya kumjua. Na ile picha ya babu na kilemba, si ilibaki kwenu wakati wa matanga ya shangazi?

Nijibu hata kwa ujumbe mfupi. Bando la kutuma sauti nitakulipia, na usiniambie hapana. Msalimie Baba Tina, mwambie viazi vyake viko kwa yule kondakta, avifuate kabla havijaota.

Ni mimi,
Mama Kevo