Masomo ya Kihispania yasiache mkazo nyuma

Ndugu Mhariri,

Masomo ya Kihispania yanayoandikwa kwa Kiswahili mara nyingi huja na jedwali la viishio, nyakati sita kwa nafsi sita, na agizo la kukariri. Jedwali lenyewe silipingi. Ninachokipinga ni kulitoa bila kumwonyesha msomaji mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, unakaa wapi, maana katika kitenzi cha Kihispania mkazo peke yake unaweza kubadili mtendaji na wakati. Naomba nafasi nilieleze hili kwa kitenzi hablar, yaani kuzungumza, kitenzi cha kawaida kabisa ambacho vingine vingi mno vinakifuata.

Vitenzi vyote vya Kihispania, katika umbo la kamusi, huishia na -ar, -er au -ir. Ukiondoa herufi hizo mbili unabaki na mzizi: habl-, com- (kula), viv- (kuishi). Sisi huweka nafsi na wakati mbele ya mzizi, ni-li-zungumza. Wao huviweka nyuma, na mara nyingine vimeyeyukiana: katika hablo, o moja inabeba "mimi" na "sasa" kwa pamoja, wala hakuna pa kukata. Penginepo vinatengana. Hablábamos, tulikuwa tukizungumza, ni habl-ába-mos. Alama za nafsi zinazofaa kushikwa mapema ni tatu: -s ni wewe, -mos ni sisi, -n ni wao. Zinajirudia karibu nyakati zote, isipokuwa hablaste, "ulizungumza", ambayo haina s mwishoni. Hata wenye lugha yao wapo wanaoichomeka, lakini haikubaliki katika uandishi sanifu.

Kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi, yo (mimi) na tú (wewe) hazina haja ya kutamkwa kila mara. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo, anajua tofauti ya "nazungumza" na "mimi nazungumza".

Sasa mkazo. Neno la Kihispania linaloishia na irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiswahili nacho hukaza hapo hapo. Neno likienda kinyume cha kanuni hiyo, huandikwa alama juu ya irabu inayokazwa. Ndiyo maana wakati uliopo hautusumbui: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan, zote zinakaa vizuri mdomoni. Taabu huanza kwenye wakati uliopita: hablé, hablaste, habló, hablamos, hablaron. Mazoea yetu yanavuta mkazo urudi nyuma, na hapo habló, "alizungumza", inakuwa hablo, "ninazungumza". Anayesema ayer hablo con el director akikaza silabi ya kwanza amesema "jana ninazungumza na mkurugenzi", ilhali alikusudia "jana alizungumza na mkurugenzi". Kosa moja la sauti limeharibu nafsi na wakati kwa mpigo.

Comió, "alikula", inahitaji uangalifu zaidi. Sisi huhesabu kila irabu kuwa silabi, hivyo tunasoma co-mi-o na kukaza mi. Sivyo. Ina silabi mbili tu, co-mió, io inatamkwa kwa pamoja na kukazwa o. Kinyume chake ni comía, "alikuwa akila": ina silabi tatu, co-mí-a, na alama ile imewekwa makusudi kuzitenganisha irabu. Msomaji azitamke mbili hizo kwa kupokezana mpaka asikie tofauti.

Jambo jingine ni konsonanti za mwisho. Ulimi uliozoea maneno yanayoishia na irabu hupenda kuongeza i, na hablan inakuwa hablani. Hapo silabi imeongezeka na mkazo umehama.

Wakati ujao ndio mwepesi kuliko zote, sijui kwa nini masomo mengi huucheleweshea mwisho. Hakuna kinachokatwa. Chukua hablar nzima, ongeza -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án: hablaré, nitazungumza, hablarán, watazungumza. Viishio ni hivyo hivyo kwa comer na vivir. Chanzo chake kinafaa kuelezwa kwa sababu kinapunguza kazi: viishio hivi vimetokana na kitenzi kisaidizi haber kilichogandishwa nyuma ya kitenzi kikuu. Haber hutoa he, has, ha, hemos, habéis, han. Anayezijua hizo ana wakati ujao, na ana pia hali timilifu, ambapo haber hukaa mbele: he hablado, nimezungumza, han comido, wamekula. Neno hablado halibadiliki hapo, awe aliyezungumza ni mwanamke au ni watu kumi. Vitenzi vinavyobadili mzizi katika wakati ujao ni kama dazeni moja, ila vinatumika kutwa kucha: tendré (nitakuwa na), haré (nitafanya), podré (nitaweza), diré (nitasema). Viishio vyake havibadiliki.

Hali timilifu ina mtego kwa Mswahili. Si kila -me- ni he au ha. "Amekula" ni ha comido, sawa. Lakini "amechoka" na "amesimama" huelezea hali aliyomo mtu, nazo husemwa está cansado na está de pie. Zaidi ya hayo, Hispania yenyewe hupenda he hablado kwa jambo la leo, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini husema hablé. Zote ni sahihi kwa wenyewe.

Nyakati mbili zilizopita zifundishwe zikiwa ndani ya sentensi moja. Hablaba con Ana cuando llegó el tren: nilikuwa nikizungumza na Ana treni ilipofika. Kipimo ni hiki: kama Kiswahili kinakubali "alikuwa aki-" au "alikuwa na kawaida ya", tumia hablaba, kama tukio limetokea likaisha, tumia habló. Vitenzi vya -ar huchukua -aba, vya -er na -ir huchukua -ía, na vinavyokiuka utaratibu huu katika lugha nzima ni vitatu tu: ser (kuwa), ir (kwenda) na ver (kuona). Angalia kwamba hablaba ni "nilikuwa" na pia "alikuwa". Hapa yo au ella (yeye, mwanamke) hutajwa pale muktadha usipojitosheleza.

Hali tegemezi huwatisha wanafunzi wengi duniani, na Mswahili ndiye asiyepaswa kutishika. "Unazungumza" ikiwa "nataka uzungumze", a ya mwisho inageuka e. Hablas ikiwa quiero que hables, a nayo inageuka e. Hata katazo linalingana: usizungumze, no hables. Tahadhari ni kwamba -er na -ir hugeuka kinyume, come (anakula) inakuwa coma (ale). Na hable bila alama isichanganywe na hablé, "nilizungumza".

Kuna maandishi pia yanayowafanya watu wadhani kitenzi ni korofi kumbe ni cha kawaida. Tocar (kugusa) huandikwa toqué (niligusa), pagar (kulipa) huandikwa pagué (nililipa), cruzar (kuvuka) huandikwa crucé (nilivuka). Sauti ya mzizi haikuguswa katika toqué na pagué. C na g zikikutana na e zingebadilika sauti, kwa hiyo tahajia inaokoa sauti ya awali. Katika crucé, z huepukwa tu mbele ya e.

Kuhusu nafsi ya "ninyi", jedwali liseme wazi kwamba habláis ni ya Hispania. Amerika ya Kilatini hutumia ustedes hablan. Usted, ya heshima kwa mtu mmoja, huchukua umbo la "yeye": usted habla. Na anayezungumza na watu wa Buenos Aires atasikia vos hablás, "wewe unazungumza", mkazo mwishoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa masomo haya ni hili. Waanze na wakati uliopo, waingie wakati ujao na hali timilifu kupitia haber, kisha nyakati mbili zilizopita zikiwa pamoja, ndipo waje hali tegemezi. Silabi inayokazwa ichapwe kwa herufi nzito katika kila umbo, hata lile lisilo na alama. Na kwa wapangaji wa kurasa: á, é, í na ó zikaguliwe moja moja kabla ya kuchapa, kwa sababu msomaji akikuta hablo mahali pa habló hana njia ya kujua kwamba aliyekosea ni gazeti.

Wako,
Mwalimu wa Kihispania