Kabla hujawasha draya, kamua kwanza

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo mana masika ndo haya na majumbani kilio ni kimoja, nguo hazikauki. Sie wa magorofani Michenzani ua hatuna, tunaanika nje ya madirisha na kwenye roshani, sasa jirani wa juu anatundika mablanketi kayakamua kwa mkono tu, maji yote chururu juu ya kanzu za watu wa chini ambazo zilishakauka, ugomvi unaanzia hapo. Ukizianua ukazirundika ndani mbichi ndo zinavunda na kufanya kawa.

Watu wamekimbilia madraya ya mtumba ya Dubai, alafu wanalalamika umeme unaisha mbio. Utaacha kuisha? Draya inakausha kwa moto, na lita moja tu ya maji kuigeuza mvuke inakula zaidi ya nusu uniti, hapo bado joto linalopotea njiani. Na wengi wao hao hao wana mashine za matangi mawili, lile tangi dogo la kukamulia, spina, limefanywa pahala pa kuwekea sabuni! Lile halipashi moto kitu, linazungusha nguo kwa kasi maji yanarukia kwenye vitundu yanatoka zake. Mota ikiwa ya wati 300 na kila mkupuo dakika 5, uniti moja unakamua mara 40. Tieni ule mpira wake kwenye ndoo muone maji yanayotoka kwenye nguo mlizokwishazikamua kwa mikono mpaka viganja vinauma, tena yanatoka na povu la sabuni ambalo mlidhani mmelisuuza.

Wanasema linapiga kelele na mashine inatembea. Itaacha kutembea na wewe umetia blanketi upande mmoja? Zipange nguo sawa mzunguko wote, zigandamize, tia kile kifuniko cha plastiki cha ndani ndo uwashe. Na mtoto asitie mkono mpaka lisimame kabisa, shuka linalozunguka likimzonga mkono hilo si jambo la mzaha.

Nyie wenye geshti za shamba, Nungwi, Paje na kwengineko, ndo nilotaka kusema nanyi hasa. Kuna binti anafua kwenye moja ya geshti hizo, kanambia mataulo yanatoka kwenye beseni yanachuruzika yanaingia moja kwa moja kwenye draya, saa nzima bado majimaji, alafu tajiri anamgombeza yeye kwa umeme. Binti kosa lake nini jamani, mnunulie spina! Na umeme ukikatika je? Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakijua kile kiza, watu tuliishi kwa majenereta. Jenereta ya wati 1,000 spina inaibeba, draya ya wati 2,000 hata usijaribu.

Na madobi wetu wenye mashine nina ombi. Wekeni bei ya kukamua peke yake. Mtu kafua kwake kwa mikono yake, anakuleteeni beseni la nguo mbichi, mnamkamulia dakika chache anarudi nalo kwenda kuanika. Sasa hivi ukienda unaambiwa mpaka ulipie kufua na kupiga pasi, na wengine tunataka maji yatoke tu.

Msomaji wenu,
Michenzani, Unguja